Kidole cha mwisho na herufi W: jibu kwa mchapaji wa Kamalondo

Swali: "Mwalimu, nina ofisi ndogo ya kuchapa na kupiga fotokopi hapa Kamalondo, Lubumbashi. Ninachapa kwa vidole kumi, miaka 12 sasa, karibu saa nane kwa siku. Mwanzo wa wiki ni TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi na barua, zote kwa Kifaransa. Kuanzia Alhamisi ni programu za ibada na matangazo ya kanisa, kwa Kiswahili. Kompyuta yangu ya mezani ya AZERTY, yaani yenye mpangilio wa herufi wa Kifaransa, ilikufa mwezi wa pili, nikanunua laptopu ndogo ya inchi 13 iliyoingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yenye QWERTY, mpangilio wa Kiingereza. Kijana mmoja akaniwekea AZERTY ndani yake. Tangu hapo kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinaniuma, pamoja na upande wa nje wa kifundo, hasa Ijumaa na Jumamosi. Yule kijana anasema AZERTY yenyewe ndiyo ugonjwa, nihamie Dvorak, mpangilio mwingine wa herufi. Kweli mpangilio wa herufi unaweza kuumiza mkono? Na binti yangu wa miaka 11 anayeanza kujifunza, aanze na upi?"

Mama, katika barua yako yote nimesimama kwenye maneno mawili: Ijumaa na Jumamosi. Laptopu ya Jumatatu ni ileile, meza ni ileile, saa nane ni zilezile. Kinachobadilika kuanzia Alhamisi ni lugha. Mkono wako unachapa Kifaransa siku tatu na kuvumilia, ukiingia kwenye Kiswahili unaanza kulia. Tuanzie hapo, kwa sababu wengi wanaofundisha kuchapa kwetu wanafundisha kwa Kifaransa tu, na jambo hili linawapita.

Weka vidole mahali pake, vile vya shahada juu ya F na J penye vinundu. Tazama kidole cha mwisho cha kushoto kimelala wapi. Kimelala juu ya Q. Kiswahili hakina Q. Yaani pale ambapo kidole hicho kinapumzika, pale ambapo kingechapa bila kusogea, pamekaliwa na herufi ambayo hutaigusa hata mara moja katika programu nzima ya ibada. Herufi zake za kazi ni mbili: A iliyo juu yake, na W iliyo chini kwenye kona. Na A ndiyo herufi inayoongoza katika Kiswahili chote. Imejaa kwenye viambishi, imejaa kwenye miisho ya vitenzi, na neno "na" peke yake linatosha kuchosha mtu.

Sasa chapa "wa", polepole, ukikitazama kidole. Kinajikunja hadi chini kushika W, kisha kinaivuka safu yote ya katikati kwenda kushika A. Ni kidole kimoja, tena kile chenye nguvu ndogo kuliko vyote. Halafu fikiria ni mara ngapi unaandika kwa, watu, wote, mwaka, wakati, Bwana. Nimechukua tangazo la kawaida kabisa nikalihesabu: "Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaombwa kufika mapema." Lina herufi 45. A ziko 14, W ziko 7, na kila W humo inafuatwa na A. Kwa hiyo kidole kimoja kinabeba herufi 21 kati ya 45, na kinafanya ule mruko mara 7 katika mstari mmoja. Vidole vingine saba vinagawana zilizobaki.

Kifaransa hakikufanyii hivyo. Herufi yake inayoongoza ni E, na hiyo iko kwa kidole cha kati, chenye nguvu. W inaweza kupita kurasa mbili tatu za TFC bila kuonekana, mpaka mwanafunzi ataje Kolwezi. Waliopanga vitufe kwa ajili ya Kifaransa hawakuwa na sababu ya kuiweka W karibu.

Asili yake ni hii. Mpangilio wa QWERTY ulitoka kwa Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, na mashini yake ya kuandikia iliingia sokoni mwaka 1874 ikitengenezwa na kampuni ya Remington. AZERTY ikajitokeza Ufaransa kuelekea mwisho wa karne ya 19, Wabelgiji wakaitumia pia, na kwetu ilikuja pamoja na ofisi zao. Kuna kitu kingine kilichotoka kwenye mashini zile za chuma, nacho kinahusu kifundo chako moja kwa moja. Chunguza klavye yako: safu hazikusimama wima, kila safu imesogezwa kulia kidogo kuliko ile iliyo juu yake. Ilikuwa lazima, ili fito za chuma zilizokuwa chini ya kila kitufe zipate kupishana. Fito zimekwisha, msogeo umebaki. Mkono wa kulia hausumbuki nao. Wa kushoto ndio unaoumia, kwa sababu vidole vyake vikijikunja vinataka kurudi upande wa kushoto, mwilini mwako, na vitufe vya safu ya chini viko kulia zaidi. Ili kufidia, kifundo kinapinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ndiyo sababu sikushangaa uliponiandikia kwamba panapouma ni upande wa nje.

Niseme na upande mwingine, nisionekane naichukia AZERTY. Imetupa M kwenye safu ya katikati, chini ya kidole cha mwisho cha kulia, na M kwetu ni herufi kubwa: mtu, mti, mwana, tumefika, mlikuwa. K nayo, ambayo Kifaransa karibu hakiitumii, iko palepale chini ya kidole cha kati cha kulia. QWERTY inazo raha zake: A iko kwenye safu ya katikati, W iko juu kwa kidole cha pete, na "wa" inashuka kama vidole vinavyopiga meza kimoja baada ya kingine. Lakini huko ni "za" inayoumiza, maana Z na A zote zinakuwa za kidole kimoja. Mchapaji wa Kiswahili kitupu, ambaye hana é wala ç maishani mwake, ningemwambia achukue QWERTY. Wewe sivyo, mkate wako uko kwenye Kifaransa.

Sasa hapa kuna swali ambalo yule kijana hakujiuliza. Umechapa Kiswahili kwa AZERTY miaka 12. Kama herufi peke yake ndiyo ugonjwa, mbona mkono ulingoja mpaka mwezi wa pili?

Nionavyo mimi, herufi ziliweka mzigo na kidole kikaubeba, kwa shida lakini kikaubeba. Laptopu imeongeza uzito juu ya mzigo huo, na nadhani nimeuona kwenye neno "inchi 13". Kompyuta yako ya mezani bila shaka ilikuwa na klavye ndefu, yenye kile kipande cha namba upande wa kulia. Laptopu ya inchi 13 kwa kawaida haina. Kwa AZERTY, namba za safu ya juu hazitoki bila kushika kitufe cha herufi kubwa, kile chenye mshale. Nukta pia haitoki bila hicho. Na programu ya ibada ni nini kama si namba na nukta? Zaburi 23:1-6, Yohana 3:16, wimbo namba 112, saa 9:30. Zamani mkono wa kulia ulikuwa unakwenda pembeni na kuzimaliza. Leo kila namba inapitia kitufe cha mshale, na wachapaji wengi hutumia kile cha kushoto peke yake, hata kama namba yenyewe iko kushoto. Kidole gani kinakishika? Kilekile, baada ya kutoka kwenye A na W.

Ongeza ufinyu. Klavye ndogo inaileta mikono pamoja mbele ya kifua, na mikono ikikaribiana hivyo vifundo vinapinda nje hata kabla hujachapa herufi moja. Ongeza kioo kilicho chini, kinachokuinamisha shingo na kukuletea mabega mbele. Ongeza na hili: herufi zilizochapwa juu ya vitufe si zile zinazotoka. Unasema unachapa kwa vidole kumi, sawa, lakini ukichoka macho hushuka, yakishuka yanaona Q mahali pa A, mkono unasita na kukaza. Misuli iliyokaza inachoka haraka.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, mpangilio unaweza kuongeza maumivu, lakini mara chache sana unayaleta peke yake. Namna mkono ulivyokaa, nguvu unayogongea na muda usiopumzika vina uzito zaidi. Ndiyo maana sitakuambia uende Dvorak.

Mpangilio huo nauheshimu. August Dvorak alikuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Seattle, Marekani, na aliupatia hataza mwaka 1936 pamoja na shemeji yake William Dealey. Aliziweka vokali zote tano kwenye safu ya katikati, mkono wa kushoto, na konsonanti zinazotumika zaidi kulia. Alikuwa anafikiria Kiingereza. Ila ukitazama silabi zetu, konsonanti kisha vokali, konsonanti kisha vokali, unaona mikono ingepokezana karibu kama inayotwanga kinu kimoja: na-le-ta, tu-me-so-ma. Kwa Kiswahili si mpangilio mbaya hata kidogo. Ubaya wake kwako ni mwingine. Haukutengenezewa herufi za Kifaransa zenye alama juu. Utachapa polepole kwa wiki nyingi huku wanafunzi wanasubiri mlangoni. Na kila ukienda kuchapa kwenye mashini ya mtu mwingine utakuta AZERTY. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilifanya jaribio la kuwafundisha upya wachapaji wazoefu kwa Dvorak, na haikupata faida ya kutosha kulipia kazi hiyo ya kuwafundisha. Ikiwa ofisi tajiri namna ile iliona gharama haifai, ofisi ya mtu mmoja Kamalondo haina haja ya kuibeba. Kuna na BÉPO, iliyopangwa kwa ajili ya Kifaransa na ikaingizwa katika kanuni rasmi za klavye za Ufaransa mwaka 2019. Nzuri kwa Kifaransa, lakini W wameisukumia mwisho kabisa wa safu ya juu, kulia. Utakuwa umehamisha maumivu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Baki na AZERTY. Fanya haya.

Nunua klavye ya kuchomeka, ndefu, ya AZERTY, yenye namba pembeni. Ile ya kawaida inatosha, usishawishike na zile za bei kali. Kabla hujalipa, angalia kitufe cha 6. Ukiona alama ya § hiyo ni ya Ubelgiji, ukiona kistari hiyo ni ya Ufaransa. Lubumbashi zote mbili zinauzwa, na lazima kompyuta iambiwe ni ipi, la sivyo kistari na alama ya mshangao vitatokea mahali usipovitarajia, na ile @ ya anwani za barua itakusumbua: kwa Ufaransa iko kwenye kitufe cha 0, kwa Ubelgiji kwenye cha 2. Vibandiko vya herufi juu ya laptopu sivipendi. Vinabanduka, vinanata kwenye joto la Oktoba, na havirudishi zile namba. Tena klavye za Ulaya zina kitufe kimoja zaidi karibu na mshale wa kushoto, chenye alama za < na >. Laptopu nyingi zinazopita Kasumbalesa hazina. Siku mwanafunzi wa takwimu atakapokuletea p < 0,05 mara arobaini katika sura moja utakikumbuka.

Laptopu yenyewe ipandishe juu ya rimu za karatasi, ambazo najua hazikosi kwako. Rimu moja ya A4 ina unene wa sentimita 5 hivi. Anza na tatu, uongeze mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho. Klavye mpya ikae chini, mbele yako, na vile vimiguu vya nyuma vikunjwe. Watu wanavisimamisha wakidhani vinasaidia, navyo vinainua vitufe vya juu na kuukunja mkono kuelekea nyuma, jambo linaloongeza mgandamizo ndani ya kifundo ambamo kano na neva zinapita. Meza ikiwa juu sana usiikate, panda wewe: weka mto kwenye kiti na sanduku chini ya miguu, mpaka mikono kutoka kiwiko ilale sawa na sakafu.

Kisha W. Hili ndilo ninalolitaka zaidi, na halina gharama. Acha kuichapa kwa kidole cha mwisho, ichape kwa kidole cha pete. Ukishuka na kidole cha pete kwenda W mkono unashuka kwa mwelekeo wake wa asili, ule wa kushoto, na kifundo hakina haja ya kupinda. X nayo ipe kidole cha kati, C ipe cha shahada. Walimu wa zamani watakuambia ni kosa. Wao walifundisha kwa mashini zenye fito. Sasa "wa" itakuwa ya vidole viwili: pete chini, cha mwisho juu. Si raha kamili, kwa sababu mkono bado unatanuka, lakini ule mruko wa kidole kimoja umekwisha. Anza na dakika kumi asubuhi kabla wateja hawajaja, maneno mafupi tu, kwa, wa, wewe, kwetu, kwao. Usijaribu siku ya kazi nyingi. Siku za kwanza utakosea sana, vumilia, mkono wa mtu aliyechapa miaka 12 haubadiliki kwa siku moja.

Wakati mkono unajifunza, upunguzie herufi. Programu ya kuandikia, iwe Word au LibreOffice, ina mahali pa kusahihisha maneno yenyewe, pale ambapo unaiambia ukiona hiki weka kile. Usiishie kusahihisha makosa. Mpe "bys" akuandikie "Bwana Yesu asifiwe", mpe "tbk" akuandikie "tangazo kwa waumini wote". Chagua vifupisho visivyo na A wala W. Kila programu ya Jumapili ina sentensi kumi au ishirini ambazo hazibadiliki, na zote hizo mkono wako umekuwa ukizichapa upya kila wiki.

Kuhusu mapumziko, najua maisha yetu. Ukiambiwa kila nusu saa uache kazi unacheka, maana delestaji haikuulizi. Umeme unakwenda asubuhi, unarudi saa mbili usiku, na kazi ya siku nzima inabanwa ndani ya saa nne usiku uleule, bila kuinua kichwa. Nadhani hiyo nayo iko katika Ijumaa yako, kwani kanisa halisubiri Jumatatu. Betri ya laptopu ndiyo faida uliyoipata kwa mashini hii mpya: itumie kutawanya kazi mchana, hata saa moja tu. Na usiku ule wa kubanwa, kila ukurasa ukiisha shusha mikono chini ya meza, ilegeze, hesabu hadi ishirini. Kurasa hazitachelewa kwa hilo.

Jambo dogo la mwisho upande wa mashini: vumbi jekundu la kiangazi linaingia chini ya vitufe na kuvifanya vigumu, nawe unagonga kwa nguvu zaidi bila kujua. Zima, igeuze klavye kichwa chini, piga kidogo, pitisha brashi laini. Kila wiki, kuanzia Mei hadi mvua zirudi.

Haya yote ni kwa mkono uliochoka. Ukiamka usiku na ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, au ganzi ya kudumu kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete, au vitu vinakuponyoka mkononi, au kifundo kinavimba, hiyo si kazi ya mwalimu wa kuchapa. Nenda kwa daktari, na mwambie kazi unayofanya na saa unazofanya, kwa sababu wengi hawaulizi. Mwambie pia kama una mimba au kisukari, maana hali hizo zinaongeza uwezekano wa neva kubanwa kwenye kifundo. Usifunge mkono bandeji ngumu kisha ukaendelea kuchapa saa nane.

Binti yako aanze na AZERTY, kwa sababu shule yake ni ya Kifaransa na ofisi yako ndiyo itakuwa darasa lake. Lakini mfundishe W kwa kidole cha pete tangu siku ya kwanza, na mfundishe kutumia vitufe vyote viwili vya mshale: herufi ikiwa kushoto, mshale wa kulia, herufi ikiwa kulia, mshale wa kushoto. Yeye hana cha kusahau. Mkalishe upande wako asubuhi, zile dakika kumi za kwa na wewe na kwetu, mchape pamoja.